Tairi Dogo Halina Nyama

Mzee Chonga alikuwa jirani yangu wa kazi kwa miaka kumi na sita, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiendesha gari. Baiskeli aliendesha, tena vibaya. Lakini ukimletea tairi alilipapasa kidogo tu akakwambia kama limetembea kwenye lami au kwenye kokoto, na kama mwenye gari ana tabia ya kupanda ukingo wa barabara anapoegesha. Watu walikuwa wanabisha, halafu wanacheka, halafu wanakubali.

Kibanda chake kilikuwa cha mabati matano, kimeegemea ukuta wa nyuma wa kituo cha mafuta, pale malori yanapopumzika. Changu kilikuwa ubavuni. Mimi nilikuwa nakata viatu kutoka kwenye matairi yaliyokufa kabisa, kwa hiyo tairi lilianzia kwake, na likimshinda linavuka hatua tatu linakuja kwangu. Madereva wa malori walikuwa wanatutania kwamba yeye ni daktari na mimi ni mchimba kaburi.

Jina la Chonga alipewa kwa kazi yake, si kwa mdomo, maana maneno yake yalikuwa ya kupima. Alikuwa anachonga kashata. Kwa asiyejua, kashata ni ile mistari na vile vipande vilivyosimama juu ya tairi, ndivyo vinavyoshika barabara. Tairi likizeeka kashata zinalika, linabaki kipara, laini kama shavu la mtoto. Basi mzee alikuwa anakaa juu ya debe, tairi kalibana katikati ya magoti, jiko la mkaa mkono wa kulia, na ndani ya mkaa visu viwili vyenye ncha iliyokunjwa kama ukucha. Kimoja kinachonga, kingine kinapata moto. Kisu kikipita, mpira unatoka kama ganda la chungwa, mrefu, unafuka moshi. Harufu yake usiniulize. Mke wangu alikuwa ananivulisha shati mlangoni, na mimi nilikuwa jirani tu.

Lakini kabla ya kisu kulikuwa na sindano. Alikuwa na sindano ya kushonea magunia. Anaichoma kwenye mpira mpaka igonge nyuzi za ndani, anaitoa, anaipima kwa njiti ya kiberiti. Ikifika nusu ya njiti, anachonga. Isipofika, anakurudishia tairi lako na salamu kwa watu wa nyumbani. Hakuna dereva aliyeweza kumbembeleza. Na tairi la gari dogo hata sindano alikuwa halichomi.

"Tairi la lori lina nyama," alikuwa anasema. "Tairi dogo halina nyama, ni ngozi na mifupa. Ukilichonga hilo, umechonga jeneza."

Jumamosi mchana ndiyo ilikuwa siku yetu ya kelele. Kulikuwa na kiwanja mbele ya vibanda vyetu, na hapo walikutana watu waliopenda magari kuliko magari yalivyowapenda wao. Siwezi kuwataja wote. Alikuwepo Kinyozi, mwenye kigari chekundu kilichoshushwa mpaka kinakwaruza tumbo kwenye matuta. Alikuwepo Mwalimu, mwenye gari refu la zamani ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Na alikuwepo Bei Poa, mwenye duka la matairi ya mitumba na ekzosi ng'ambo ya barabara. Wengine walikuja na kuondoka. Wanaleta ndoo, wanaosha magari, wanakunywa soda, wanabishana.

"Kinyozi," Mwalimu anaanza, "jana ulipita shuleni na hiyo ekzosi yako. Wanafunzi walikimbia kuanua nguo bwenini. Walidhani mvua."

"Na wewe ukipita wanajua saa ngapi?" Kinyozi anajibu. "Wanadhani gari linasukumwa, kwa mwendo ule. Bomba lako limetoboka pande tatu, moshi haujui utokee wapi."

"Mimi nangoja mshahara ninunue jipya."

"Utangoja sana. Na matairi je? Ndugu zangu, mmeyaona matairi ya Mwalimu? Yako manne, hayajuani. Moja likikata kona, la pili linauliza tunakwenda wapi."

"Njoo kwangu," anasema Bei Poa, mguu mmoja juu ya ndoo ya mtu. "Nina matairi kutoka ng'ambo, kashata unaweza kupanda mpunga. Nina ekzosi imetoka kwenye gari la mzungu aliyekuwa anakwendea kanisani tu."

"Kila gari lako limetoka kanisani," Mwalimu anasema. "Huko ng'ambo hakuna walevi?"

Kisha Kinyozi anamgeukia mzee. "Mzee Chonga, mimi na wewe tuko biashara moja. Mimi naletewa nywele nafanya kipara. Wewe unaletewa kipara unaotesha nywele." Mzee anacheka kimya kimya, mabega yakitikisika, halafu anarudi kwenye kisu. Walimpenda. Mtu akitaka kununua tairi popote mjini, anamwita kwanza aje alishike. Neno lake kwenye tairi lilikuwa kama muhuri.

Mwingine aliyekuja pale Jumamosi alikuwa mkwe wake. Mzee alikuwa na mtoto mmoja, wa kike, aliyeolewa na karani wa ghala la saruji. Kijana nadhifu, kola imenyooka, na gari dogo la kijivu alilolipenda kama mwanamke mwingine anavyopendwa. Mbele ya wenzake alimwita mkwewe "mzee." Wakiwa wawili alimwita "baba." Mzee aliliona hilo. Hakulisema, lakini kila Jumamosi asubuhi alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga, anasugua kucha mpaka zinataka kutoka damu, na weusi hautoki. Wajukuu wawili walipokuja na baba yao walimrukia hivyo hivyo na weusi wake. Kwa ajili ya wale watoto angekaa juu ya mkaa.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana kisa chenyewe hakikuanza Jumamosi.

Siku moja katikati ya juma Bei Poa alivuka barabara na mkokoteni wenye matairi manne madogo. Vipara vitupu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Hayo mpelekee jirani," akanionyesha mimi kwa kidevu.

"Haya si ya gari. Ni ya mikokoteni ya maji. Kuna bwana mmoja anayo kumi, inazama kwenye matope. Anataka kashata kidogo tu, punda asiteseke."

"Mkokoteni hauna haraka," alisema mzee, kama anajisemesha.

"Ndiyo hivyo. Punda hana gia ya tano."

Mzee akachoma sindano, mara ya kwanza kumwona akiichoma kwenye tairi dogo. Robo ya njiti. Akatikisa kichwa. Sasa Bei Poa hakubembeleza. Angebembeleza, mambo yangekwisha. Alitoa simu akamwonyesha picha ya tairi jipya, mistari myembamba imepindana kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye subira. "Nilitaka yafanane na hili," akasema. "Lakini najua mkono wa sasa si ule wa zamani. Acha nimpelekee yule fundi wa upande wa soko."

"Yule anatafuna kama panya," alisema mzee. "Shusha."

Alifanya kazi ile siku mbili, na naapa sijaona kazi kama ile. Alikunja kisu kipya chembamba kama kijiti cha meno. Alikuwa hapumui anapokata. Kwenye tairi la nne, lori likapiga honi nyuma ya ukuta, mkono ukaruka, mistari miwili ikaungana kuwa mmoja. Alikaa akilitazama lile kosa muda mrefu. Kisha akalizungushia vimistari vingine mpaka likawa kama ua. Akaniita nilione, anafurahi kama mtoto. Kusema kweli nilimsifu. Nilimwambia mikokoteni haistahili.

Baada ya hayo yakaja mengine. Manne mwezi ule, manane mwezi uliofuata, na mengine baada ya hapo. Nami siku moja nilimwambia, "Mwenzangu, mikokoteni ya maji mbona mtaani naona ile ile mitatu?" Akasema, "Labda ni ya mji mwingine." Nikaendelea kukata kiatu changu. Siandiki haya kujitoa. Sote wawili tuliliacha neno pale chini, na hakuna aliyeliokota.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa ya jua kali. Kinyozi alikuwa amefunga ekzosi mpya kutoka kwa Bei Poa, mdomo wake mpana kama sufuria, na kila mgeni alilazimishwa kuisikiliza. Ndipo likaja gari la kijivu la mkwe, linang'aa, mkewe mbele, watoto nyuma wamebanwa na mabegi. Akashuka, akalizunguka, akapiga tairi teke dogo la mapenzi.

"Nani ataniambia kitu leo?" akasema. "Manne. Yote mapya."

"Mapya?" Mwalimu akachutama. "Aisee. Kashata kali hizi. Umeiba ghalani?"

"Bei Poa, bwana. Yametembea miezi mitatu tu huko ng'ambo. Bei yake nikikutajia utalia."

"Usinitajie. Nina moyo mdogo."

"Mwalimu anangoja mshahara," Kinyozi akasema. "Wa mwaka gani, ndiyo hatujui."

Bei Poa alikuwa pale pale na soda yake. Nilimwona anacheka pamoja na wengine, kisha nikaona jicho lake linakwenda kwa mzee Chonga. Naye mzee alikuwa ameshainuka. Alikuja pole pole, akifuta mikono kwenye suruali, akachutama kwenye gurudumu la nyuma upande wa kulia. Akapitisha kidole gumba kwenye mstari. Akaingiza mkono upande wa ndani, kule kusikoonekana, akawa anapapasa kama anayetafuta mapigo ya damu ya mgonjwa. Mkono ukasimama.

"Umeyapata kwa Bei Poa, baba?" akamuuliza mkwe.

"Ndiyo, mzee. Vipi, si mazima?"

Alirudi kwenye debe lake akakaa. Akatoa kisu kwenye mkaa, akakirudisha, akatoa cha pili, na katikati ya magoti hakuna tairi. Mimi nilikuwa hatua tatu. Nilitaka kumuuliza, lakini uso wake ulishanijibu.

Binti yake akaja na yule mtoto mdogo. "Baba, mbona umejitenga? Njoo uwaage wajukuu. Tunaondoka kesho alfajiri kwenda ukweni kwangu, mizigo tumeshapakia."

"Mnapitia wapi?"

"Mteremkoni. Kwani kuna njia nyingine?"

Mteremko ule una kona kumi na moja. Madereva wa malori wenye matairi yenye nyama walikuwa wakiusimulia wakishusha sauti. Mzee akachukua utepe wa mpira kutoka chini, akamvalisha mtoto mkononi kama bangili, akamfunga vizuri asiumie. Akaniangalia mimi. Nilitazama kiatu changu.

Niliyajua yaliyokuwa kichwani mwake, kwa sababu yalikuwa kichwani mwangu pia. Akinyamaza, jina lake linabaki, Jumamosi zinabaki, mkwe anabaki na furaha yake, na gari linakwenda mteremkoni na watoto wawili nyuma. Akisema, kila mtu pale atajua ni nani anayeotesha nywele kwenye vipara vya Bei Poa. Angeweza kumvuta mkwe pembeni, mtasema. Nimeliwaza hilo mara nyingi. Lakini wengine wenye matairi yale je? Naye alikuwa ameshachonga zaidi ya thelathini.

Alisimama, akaenda mpaka katikati ya kiwanja, akasema, "Matairi hayo nimeyachonga mimi."

Hakuna aliyesikia. Kinyozi alikuwa amekanyaga mafuta na ile ekzosi inanguruma mpaka mabati yetu yanalia. Mimi nilisikia kwa kuwa nilikuwa namtazama mdomo. Hapo angeweza kurudi akakae. Hata Mungu angesema amesema. Alisimama jua linampiga utosini, akangoja, mpaka Kinyozi akazima.

"Mnaionaje?" Kinyozi akauliza.

"Matairi hayo ya mkwe wangu," mzee akasema, "nimeyachonga mimi. Yalikuwa vipara. Yasiende barabarani."

Wakacheka. Walidhani ni mzaha, na mzaha wa mzee ulikuwa nadra, kwa hiyo wakacheka zaidi.

"Mzee kaamua leo," Kinyozi akasema.

Bei Poa akaweka mkono begani kwa mzee. "Mzee wangu, jua kali. Njoo unywe kitu."

"Gurudumu la nyuma, kulia," mzee akasema, hajautoa ule mkono begani, "upande wa ndani. Kuna mistari miwili imeungana, imezungushiwa vingine kama ua. Kisu kiliniponyoka. Mwalimu, wewe mwembamba, ingia utazame."

Mwalimu akavua miwani, akalala chini, akaingia nusu. Tukaona miguu yake imetulia. Alipotoka alikuwa na vumbi shavuni, na hakulifuta.

"Ipo," akasema.

Ndugu zanguni, nilidhani watamrukia Bei Poa. Na wewe msomaji pengine unadhani hivyo. Lakini Bei Poa alikuwa mtu wa kwanza kufungua mdomo, na wa kwanza husikilizwa.

"Basi tuseme kweli," alisema, bila hata kupandisha sauti. "Mimi si fundi. Mimi nampelekea mzee matairi ayatazame, kama ninyi nyote mnavyompelekea. Yeye ndiye mwenye sindano. Kama hayafai, angeniambia hayafai. Aliyachonga akayarudisha, akala jasho lake. Mimi nitajuaje?"

"Uliniambia ni ya mikokoteni."

"Mzee, kweli? Mikokoteni na kashata za picha? Wewe uliamini?"

Na hapo mzee akashindwa. Maana hakuwa ameamini. Alikuwa ameacha tu kuuliza, na mtu asiyejua kusema uongo akifika hapo hana pa kwenda.

"Kwa hiyo ni wewe," Kinyozi akasema taratibu. Hakukuwa na utani tena kwenye sauti yake. "Mimi haya yangu ya mbele nilikuita uyashike. Ukaniambia mazuri."

"Yako ni mazuri."

"Nitajuaje?"

Walitawanyika kila mmoja kwenye gari lake, wamechutama, wanapapasa matairi kwa vidole vyao wasivyojua wavitumie vipi. Mkwe alibaki amesimama. Uso wake umekuwa kama wa mtu aliyemwagiwa maji hadharani. Akamsogelea mkwewe, akasema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu.

"Mbele za watu, mzee. Ilibidi iwe mbele za watu."

"Watoto wangu wamo ndani ya gari hilo."

"Watoto wangu."

Mzee akainama akachukua kisu kwenye mkaa, kile kinene, kimekuwa chekundu. "Yafungue," akasema. "Niyakate. Jirani atatengenezea viatu." Nami nilikuwa nimeshasimama, najua pa kuanzia.

"Usiguse," mkwe akasema. "Hii ni mali yangu. Nayarudisha nilikoyanunua nipewe mengine."

"Bila shaka," Bei Poa akasema. "Mteja ni mfalme. Vuka barabara sasa hivi nikufungie mengine. Sitaki nyongeza hata kidogo."

Mzee alisimama na kisu chake, rangi nyekundu ikififia kuwa kijivu. Gari likavuka barabara. Tuliona kwa macho yetu yakifunguliwa manne, yakiviringishwa ndani ya duka, yakifungwa mengine. Binti aligeuka mara moja kututazama. Sijui alikuwa anamtazama nani.

Angeyakata. Hilo ndilo neno alilonirudishia kila siku baada ya hapo, kwamba alikuwa na kisu mkononi, cha moto, na akamtii mkwe. Mtu amekosea mambo makubwa lakini hulilia lile dogo la mwisho.

Walikwenda, wakarudi salama. Nilimshukuru Mungu, naye alishukuru. Lakini mkwe hakuja tena kiwanjani, na watoto hawakuletwa. Binti alipiga simu mara chache, wakazungumza juu ya hali ya hewa. Mkewe mzee, mama mmoja mpole kama mkeka, aliniambia siku moja nilipokwenda kuwajulia hali: "Mchuma janga hula na wa kwao, shemeji. Sisi tunakula, na wa kwetu wamekataa hata kuja kula nasi."

Jumamosi zilihamia ng'ambo ya barabara. Bei Poa aliweka mwavuli na viti vya plastiki. Kinyozi alikwenda, Mwalimu alikwenda pia, ingawa alikuwa akipita kwetu kwanza kusalimia, amekaza macho kwenye saa. Tulisikia vicheko vyao kutoka upande wetu. Ekzosi ya Kinyozi ilipolia mabati yetu yalitikisika vile vile. Na wale madereva wa malori, ambao hakuwahi kuwakosea hata njiti moja, walianza kupeleka matairi yao kwa yule fundi wa upande wa soko, anayetafuna kama panya. Habari ilivyosafiri, ilifika kwamba mzee Chonga anaua watu.

Baada ya wiki mbili alivuka barabara, na mimi nikamfuata kwa nyuma. Alisimama nje ya duka, hakuingia kwenye kivuli.

"Yale manne," akamwambia Bei Poa. "Nataka kuyanunua."

"Yapi hayo, mzee?"

"Unayajua. Taja bei."

Bei Poa akakuna shingo. Nafikiri kwa dakika ile aliona haya kidogo. "Yameshatoka," akasema.

"Kwa nani?"

"Mteja. Mama mmoja, ana gari jeupe. Simjui jina. Alikuja, akapenda, akafungiwa, akaondoka. Sasa nitamfuata wapi?"

"Na yale mengine?"

"Mzee, nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Kuanzia siku ile kazi yake ikawa kutembea. Asubuhi anawasha jiko kwa mazoea, anakaa mpaka mkaa ushike, halafu anainuka anauacha unawaka. Alikwenda penye magari yaliyoegeshwa, hospitali, sokoni, benki, makanisani na misikitini, akipita safu kwa safu, akichutama kwenye kila gari jeupe, mkono ndani ya gurudumu la nyuma. Mnajua magari meupe yalivyo mengi. Walinzi walimfukuza. Mmoja alimpiga rungu la mguu akidhani anafungua boliti. Alijaribu kuwaeleza wenye magari, lakini mwambie mtu kwamba huenda matairi yake ni mabovu kwa kuwa wewe ndiye uliyeyaharibu, uone kama atakushukuru. Mmoja alimwitia polisi. Polisi walimsikiliza, wakamwambia arudi na namba ya gari.

Manne yale alikuwa bado hajayaona, na mengine ishirini na zaidi alijua yako mahali, yanazunguka.

Nilikuwa nakwenda naye siku za Jumatano, siku ambayo viatu havinunuliwi. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, moshi wa miaka mingi ule, na goti lililopigwa rungu lilikataa kukunjika. Jumatano ya mwisho tulikwenda hospitali kubwa. Tulipita safu mbili. Kwenye ya tatu mlinzi alituona kwa mbali akaanza kuja, fimbo mkononi, hana haraka.

Mwisho wa safu kulikuwa na gari jeupe dogo. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kiti cha mtoto na mwavuli wa kitambaa. Mzee alijaribu kuchutama, goti likakataa. Akashika ubavu wa gari, akajaribu tena, akakunja uso.

"Niangalizie wewe," akaniambia. "La nyuma, kulia. Kwa ndani. Mistari miwili, na kama ua."

Nililala chini kama Mwalimu. Nikaingiza mkono. Kulikuwa na matope makavu yamejaa kwenye kashata zote, na giza, na mistari mingi iliyopindana, na mahali fulani vidole vyangu vilipita juu ya kitu ambacho kingeweza kuwa ua, na kingeweza kuwa kashata tu kama kiwanda kilivyoitaka. Nimekata matairi maisha yangu yote, lakini ya kufa tu. Ya uzima sijui kuyasoma. Nilikwangua matope kwa ukucha. Nikasikia buti za mlinzi zimesimama karibu na kichwa changu.

"Wazee," mlinzi akasema, "mbona mnanitafutia kazi? Tokeni."

"Ni yenyewe?" mzee akaniuliza.

Nilijitoa chini ya gari, nikajikung'uta. Mlinzi alikuwa ameshamshika mkono, si kwa nguvu. Mzee alikuwa ananitazama, midomo imemkauka, na nikaona kwamba nikisema sijui atalala pale chini mpaka wamburute.

"Siyo," nikamwambia.

Akashusha pumzi. Tukaondoka, mlinzi akitufuata nyuma mpaka getini.